Silinda ya Sabini

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda mafunzo ya wakunga. Atarudi Jumamosi. Ameacha maagizo matatu: nimtunze mama yake, nisisahau kufunga gesi, na skuta niioshe tu. Hilo neno "tu" amelirudia mara mbili huku akinitazama usoni. Nimeitikia yote.

Skuta ni yake, ya kazi. Ndiyo inayompeleka kwa wajawazito wa mtaa wa juu, ambako zahanati hakuna ila mlima upo. Injini yake ni ndogo, cc hamsini tu. Ikipanda inalia kama karani anayeomba likizo. Nasema hivyo kwa kujua, mimi ni karani wa masjala ya idara ya maji.

Chanzo cha yote ni jana. Nilikuwa napanda mlima na skuta hiyo, nimeinama mbele, naisaidia kwa kifua. Shemeji akanipita. Huyu ni mdogo wake mke wangu, mpima macho, mtu wa viatu vinavyong'aa hata siku ya mvua. Kanipita taratibu na skuta yake mpya, mgongo wima, na nyuma kampakia mama mkwe. Mama mkwe akanipungia mkono. Afadhali angenitukana.

Nimeamua. Hadi kufika Jumamosi, skuta hii itakuwa na silinda ya sabini. Mke wangu atashangaa. Shemeji atakula vumbi.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Baada ya kazi nimekwenda kwa muuza vipuri na redio yangu kubwa. Nimerudi bila redio, na boksi kwapani: silinda, pistoni, ringi, klipu, gasketi na karatasi ya maelekezo. Boksi zito. Linatia moyo.

Muuza vipuri aliniuliza fundi wangu ni nani. Nikamjibu kwamba ni mimi. Akatazama mikono yangu, kisha kola ya shati langu, kisha akashusha pumzi. Akanieleza kwamba silinda kubwa inavuta hewa nyingi, hivyo inahitaji petroli zaidi, kwa hiyo lazima nibadilishe na jeti. Jeti ni kipande cha shaba ndani ya kabureta, kina tundu la kupitishia petroli. Yaani alitaka kuniuzia tundu! Nimemwambia ninalo tayari, zima kabisa, halijawahi kutoboka zaidi.

Kwa fundi wa pale kona siendi. Watu wanamwita Kimya kwa sababu hasemi. Mwaka jana nilimpelekea baiskeli niliyoitengeneza mwenyewe, aone tu. Akaitazama kwa muda mrefu, akaingia ndani, nikamsikia akicheka.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa tumbo. Sasa kweli linauma.

Nimefungua injini uani. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda karibu yangu, anashona vifungo. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini kiwandani kwenye mashine za kusokota nyuzi, na ana tabia ya kutazama. Ameniuliza kama binti yake ana habari. Nimemwambia ni jambo la kumshtukiza. Amesema hilo halina shaka.

Silinda ya zamani imetoka vizuri. Kisha balaa. Klipu ya pistoni, kipande cha waya kisichozidi ukucha, imeniponyoka ikaruka. Sikuona ilikoangukia. Mbele yangu tumbo la injini lilikuwa wazi, na mimi, kwa haraka, sikulifunika hata kwa kitambaa. Kama imeingia humo, injini itajitafuna yenyewe siku ya kwanza tu.

Nimepiga magoti saa nzima. Nimepekua mchanga kwa vidole, nimepekua soksi zangu. Jasho limenitoka la mtu anayesubiri hukumu. Mama mkwe ameniacha nihangaike, kisha akaniambia nisogee. Akatoa mfukoni sumaku anayookotea sindano, akaifunga uzi, akaiteremsha ndani ya injini polepole kama anayechota maji kisimani. Ikatoka na klipu.

Nimemshukuru. Alikuwa tayari anasoma karatasi ya maelekezo. Akasema mshale uliochorwa juu ya pistoni, kwenye karatasi unaelekea ekzosi, wangu unaelekea jikoni. Nimemwambia nilikuwa ndiyo nataka kuugeuza.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Imewaka! Pigo la kumi na moja, imewaka!

Nimezunguka mtaa mara tatu. Inachomoka kama imefukuzwa. Karatasi inasema kilomita mia tano za mwanzo niende polepole, ili pistoni na silinda zizoeane. Lakini zimetoka kwenye boksi moja. Zimeshazoeana.

Mama mkwe amesimama mlangoni, kichwa upande, anasikiliza. Amesema, "Baba, huu mlio una njaa." Eti kiwandani mashine ikikosa kitu ililia hivyohivyo kabla ya kusimama. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba nyuzi ni nyuzi na petroli ni petroli.

Jioni Kimya amekuja mwenyewe getini bila kuitwa. Nadhani mlio umemfikia. Amefungua plagi, akanionyesha ncha yake. Nyeupe kama chaki. Akasema neno moja, "Jeti," akaondoka zake.

Wivu.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kazini sikutulia. Nimepanga faili la malalamiko kwenye kabati la pongezi, na mkuu wangu akaliona.

Jioni nimeijaribu skuta chini ya mlima. Nimelipita gari la mikate! Lakini nilipoegesha kulikuwa na harufu ya kuungua, na ekzosi imegeuka rangi, kahawia inayoelekea zambarau. Ugeni tu, nimejiambia.

Kisha simu ya mke wangu. Mke wa mwokaji, kule mtaa wa juu, mwenye mimba ya mapacha, ameanza kusikia uchungu unaokuja na kuondoka. Mke wangu anakatiza mafunzo, atafika kesho mapema. Nijaze petroli, skuta iwe tayari mlangoni. Akaniuliza kama iko salama. Nikamjibu haijawahi kuwa na nguvu hivi. Akarudia swali lake: salama? Nikasema ndiyo.

Baada ya simu nilikaa na ile plagi nyeupe mkononi. Nilijua. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: nilijua kidogo. Nikaishika skuta, nikaisukuma hadi getini nimpelekee Kimya. Kibanda chake kilikuwa bado wazi. Lakini mbele ya kibanda alisimama shemeji, anajaza upepo, anaongea na Kimya, na Kimya anatabasamu.

Nikairudisha skuta ndani.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mke wangu amefika saa tatu. Hakukaa. Alibadilisha viatu, akachukua begi lake la kazi, akasema uchungu wa mke wa mwokaji sasa haukatiki. Nikasema nitaendesha mimi. Akatazama ekzosi, akauliza imepatwa na nini. Nikasema jua.

Kwenye tambarare tuliruka. Alinishika kiunoni kwa nguvu akaniuliza sikioni skuta imekuwaje. Nikatabasamu. Mlima ukaanza. Tuliwapita wenye baiskeli wawili, kisha pikipiki ya mzee mmoja. Nusu ya mlima, mlio ukabadilika. Ukawa mwembamba, ukapanda juu, kama kitu kinachoomba. Njaa. Neno lile lile. Na mimi nikafanya nini? Nikazidisha moto.

Ghafla kimya. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, skuta ikateleza upande, barabara yote ikawa inatujia kwa ubavu. Tulianguka hatua moja kutoka kwenye mtaro. Begi lilifunguka, glavu zikasambaa, mkasi kwenye kitambaa chake safi ukabingirika hadi ukingoni.

Mke wangu aliinuka kwanza. Akakagua kiwiko changu, akakagua goti lake. Kisha akauliza, "Umefanya nini?"

Nikasema, "Silinda ya sabini."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Alikuwa anaokota vitu vyake wakati simu yake ilipolia. Mwokaji. Wa kwanza anakuja. Mke wangu akamwambia amlaze mkewe kwa ubavu, amshike mkono, asimwache. Akaweka begi begani, akaanza kukimbia kupanda mlima, na goti linavuja damu.

Nilibaki nimesimama kando ya injini iliyokuwa inatoa moshi. Kisha nikamkimbilia, nikamnyang'anya begi. Tulikimbia. Kifua changu si cha mlima. Bila kugeuka akaniambia nimpigie mdogo wake.

Nimefanya mambo magumu maishani. Hili limeyapita. Shemeji alipokea, nikamweleza kwa maneno matano. Hakuuliza swali hata moja. Alisema yuko njiani, na baada ya muda mfupi alikuwa mbele yetu, dada yake akapanda nyuma, begi kati yao, wakapotea kwenye kona. Mimi nilimalizia kwa miguu.

Mwokaji nilimkuta kwenye ngazi za nyumba yake, mikono ina unga hadi viwikoni. Ametolewa chumbani. Shemeji alikuwa kasimama, anatazama viatu vyake. Ndani tukasikia kilio cha mtoto. Mwokaji akanishika mkono. Tukasubiri kilio cha pili.

Hakikuja.

Nilisikia sauti ya mke wangu, ya chini, inaagiza: sukuma, acha, sukuma. Maji yakimiminwa. Mlango haukufunguka. Mwokaji alikuwa ananibana vidole hadi vinauma na sikuvitoa. Nikatazama saa yangu. Nikaanza kuhesabu dakika tulizopoteza mlimani. Zilikuwa kumi na nne. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea. Kumi na nne.

Kisha kitu kama mlango wenye kutu. Kikakatika. Kikarudi, safari hii kimekasirika. Mwokaji akakaa chini pale pale akalia ndani ya unga wake.

Mke wangu alitoka baadaye, mikono safi, uso umechoka. Wa pili alitanguliza miguu, alisema. Wazima wote watatu. Aliyasema hayo akimtazama mwokaji. Mimi alinipita kama nguzo.

Nimeisukuma skuta hadi nyumbani. Injini ilishapoa, gurudumu likakubali kuzunguka. Nusu ya mlima, kushuka. Breki zinafanya kazi.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mke wangu amezungumza nami kwenye chai. Mama mkwe alikuwepo, akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Ningechelewa dakika nyingine kumi," amesema mke wangu, "yule wa pili tusingekuwa naye."

Basi. Nilikuwa nimeandaa maelezo, nimeyaandika hata kwenye kipande cha karatasi. Sikukitoa. Nimemwomba radhi. Mke wangu akasogeza mkate upande wangu. Bado hajacheka.

Mchana kaja Kimya. Amefungua silinda, akanionyesha pistoni: imechubuka upande mzima, kama imeburuzwa kwenye changarawe. Amerudisha silinda ya zamani kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kutafuta klipu. Mke wangu ameiendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Ufunguo amejivika shingoni.

Kimya alipokuwa anafunga mfuko wake wa spana nilimuuliza anaonaje kazi yangu, kwa jumla. Akafikiri. Akasema, "Sabini si mbaya. Bila jeti ni mbaya."

Sentensi mbili. Watu wa mtaa wanasema hajawahi. Nimeitafakari hasa ile ya kwanza.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Siku tulivu. Nimekwenda kazini kwa miguu, nimerudisha faili la malalamiko mahali pake. Shemeji kapita kutusalimia na hakugusia lolote la Jumamosi. Hata kidogo. Ameniuliza kiwiko changu kinaendeleaje. Mtu mbaya sana.

Mke wangu amecheka leo, mara moja, alipokuwa anamsimulia mama yake jinsi mapacha wanavyogombea ziwa. Nilikuwa chumba cha pili, lakini nimekihesabu kicheko hicho kuwa na mimi nimo.

Nimejitafakari kwa kina. Nimekubali kwamba injini za petroli si fani yangu. Zina mafuta, zina moto, zina haraka. Nimemwahidi mke wangu kwamba sitagusa tena skuta yoyote, ya kwetu wala ya jirani, na nimemaanisha. Mtu mzima lazima ajue mipaka yake.

Jioni mama mkwe aliniomba nimsogezee feni karibu na dirisha, joto limezidi. Nimeisogeza. Nimeiwasha. Inazunguka kama mtu anayetembea baada ya kula. Nimeitazama vizuri kwa nyuma. Ina kasi tatu tu, na hakuna anayejua kwa nini wameishia tatu. Nadhani kuna nguvu nyingi humo ndani zimefungiwa bila sababu.

Mama mkwe amelala kidogo kwenye kiti chake. Mke wangu yuko kazini.

Kifuniko kina skrubu nne. Hakuna petroli hata tone. Nimeshafungua mbili.