Springi za Tani Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa siku ya mwisho. Ikifika Jumapili kabla sijapata kazi ya kueleweka ya hii pikapu, inauzwa, nami naenda kwa kaka yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari nyuma ya kaunta. Tena kwa aproni. Shemeji ameshainunua. Ya kijani!

Lakini kazi ipo. Mama Keki wa mtaa wa juu anatafuta pikapu ya kumpelekea keki za harusi kila Jumamosi. Ametutaja wawili: mimi na jirani yangu Taratibu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuingiza gia ya nne. Jumamosi hii kila mmoja wetu atabeba keki ya ngazi tatu hadi ukumbini. Yule ambaye keki yake itafika bila ufa ndiye atakayepata kazi. Zikifika zote salama, Mama Keki atachagua mwenyewe.

Tatizo ni moja. Pikapu yangu inadunda. Nimeipeleka kwa fundi. Akabonyeza kona ya nyuma kwa mikono miwili, akaachia. Gari ikainuka, ikashuka, ikainuka, ikashuka. Fundi alipata hata muda wa kufuta miwani yake. Akasema springi ni nzima kabisa, nisiziguse. Zilizokufa ni shokapu mbili za nyuma, zinavuja mafuta, na kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza. Nitafute mbili mpya za gari ya aina hii hii. Si zile za bei ya kutisha, wala zile za bei ya kutupa. Za katikati.

Nilimshukuru sana. Moyoni nikacheka. Fundi anafikiria kama fundi. Mimi nafikiria mbali.

Jumanne, 4 Machi

Muuza vyuma chakavu ana springi za lori la tani tano! Vyuma bapa, tisa kila upande, vimelaliana, na kila kimoja kina unene wa kidole gumba changu. Na bei yake, zote, haifiki hata shokapu moja mpya. Nikapiga hesabu palepale. Springi iliyozoea tani tano itajuaje kama juu yake kuna keki? Haitajua! Nashangaa watu wana magari miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuliwaza hilo.

Fundi amekataa kuzifunga. Anasema ana jina la kulinda. Mchomeleaji aliye jirani na muuza vyuma hana jina la kulinda. Alikata, akatoboa, akachomelea, saa kumi kazi imekwisha. Shokapu zangu za zamani nimezipaka rangi nyekundu. Zinapendeza mno. Nani atajua kuwa zimekufa?

Na springi nilizovua? Nimemuuzia Taratibu! Pikapu yake ni ya aina moja na yangu, na springi yake moja ilikuwa imekatika. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Nilijikaza nisicheke mbele yake. Mshindani wangu anatembelea makapi yangu!

Kwa sasa gari imeinua nyuma na kuinamisha pua. Mke wangu alitoka mlangoni, akaitazama kitambo, akauliza imedondosha nini.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya majaribio. Nikaweka ndoo ya maji nyuma, nikatoka polepole. Tuta la kwanza, kichwa kikagonga paa. Tuta la pili, kikagonga palepale. Tuta la tatu sina habari nalo, nilikuwa nimefumba macho.

Nilipofika nyumbani nikazunguka nyuma kuangalia kama maji yamemwagika. Hapakuwa na hata tone. Hapakuwa na ndoo pia. Imeletwa baadaye na mwendesha baiskeli mmoja, amelowa, ana maneno mengi.

Nina nundu. Mke wangu ameuliza. Nimesema ni mlango wa kabati. Akauliza kabati lipi, maana hatuna kabati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa fundi. Nimepitia uani, wateja wasinione. Alicheka mpaka akakalia tairi. Alipopata pumzi akanieleza kwamba springi za lori hazilainiki mpaka zipate mzigo wa maana. Bila mzigo ni sawa na kufunga magogo chini ya gari. Nikamwuliza mzigo wa maana ni kilo ngapi. Akasema kwa hizo, si chini ya mia nne. Kisha akaanza kunieleza habari za kuzitoa na kutafuta nyingine. Sikumsikia mwisho. Nilikuwa nimeshapata jibu langu.

Mchanga! Nikampigia simu Mama Keki kumwarifu kuwa keki itasafiri na mifuko kadhaa ya mchanga. Akasema mchanga ukikaribia keki yake, mimi nisikaribie mtaa wake. Nikauliza, na saruji? Akakata simu.

Kwa hiyo nahitaji kilo mia nne zilizo safi. Zilizooga. Nimekaa sebuleni na mawazo yangu, mara akaingia mama mkwe na dada zake wawili, ambao wako kwetu wiki hii. Wakakaa kwenye kochi, wote watatu. Kochi likalalamika. Nikalitazama kochi. Nikawatazama na wao.

Mungu nisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe haulizwi kilo. Hata kutazamwa sana hatazamwi. Nikabaki kumpima kwa kochi. Mimi nina kilo sabini, nikikaa linashuka vidole vitatu. Yeye akikaa linashuka vinne. Tuseme tisini na kitu. Dada zake ni umbo lilelile, Mungu awazidishie. Hiyo ni mia mbili na themanini. Kochi lenyewe ni la mbao nzito, nalo litapanda, weka sitini. Zinazopungua nitaziziba kwa meza ya keki na maombi.

Ila kuna ugumu mwingine, na huu ndio ulioninyima raha kutwa nzima. Mama mkwe hupanda mbele. Hakuna mkwe mwenye akili timamu anayemrusha mama mkwe wake nyuma ya pikapu kama gunia. Lakini kilo zikikaa mbele zinanisaidia nini? Springi ziko nyuma!

Nimemwalika matembezi. Nimemwambia ni shukrani yangu kwa kunilelea mke. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema miaka kumi na miwili amekuwa akingoja nimtoe japo siku moja. Niliona aibu. Aibu ya kweli, kama dakika mbili hivi. Kisha nikaenda kuchota maji ya kumwagia kiti cha mbele.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka.

Mke wangu alikwenda sokoni mapema. Nilihakikisha. Mama mkwe akatoka amevaa gauni lake la sherehe na viatu vya kisigino. Nikamwonyesha kiti cha mbele kilivyolowa. Nikailaumu mvua. Haijanyesha tangu mwezi uliopita. Kisha nikamfunulia kochi kule nyuma, limetandikwa shuka jeupe, nikamwambia malkia hukaa juu. Dada zake walikuwa wameshapanda.

Tukapitia keki. Ikawekwa juu ya meza fupi katikati yao, mikono sita imeishika. Nikaondoa gari. Tuta la kwanza: kimya. La pili: ikashuka, ikapanda, ikatulia. Laini! Nilitaka kulia. Watu walisimama barabarani kututazama, na mama mkwe akawa anawapungia mkono. Tukafika ukumbini bila ufa, hata ua moja la sukari halikuhama. Mama Keki akanishika mikono, akasema kazi ni yangu, na kwamba ana keki nyingine ndogo ya kupeleka mtaa wa pili, twende naye sasa hivi.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilimgeukia mama mkwe na kumwambia, mbele ya watu wote, kwamba bila uzito wake tusingefika. Akaniuliza polepole, uzito gani, baba? Nami kwa ile furaha nikaeleza. Springi za lori, kilo mia nne, kochi, vidole vinne. Nilitaja mpaka makadirio. Ya kila mmoja.

Taratibu ndiyo kwanza alikuwa anaingia na keki yake, nzima vilevile. Mama mkwe akamwendea, akamsalimia, akafunguliwa mlango wa mbele. Dada zake wakapanda nyuma kwa hiari yao. Wakaondoka.

Nikabaki na Mama Keki, keki ndogo na kochi lisilo na mtu. Ningemwambia ukweli. Badala yake nilimwambia ashikilie mlango vizuri. Tuta la kwanza tukapaa sote. Nikaangalia kwenye kioo. Kochi lilikuwa hewani. Keki ilikuwa imebaki chini. Kisha kochi likarudi.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha familia. Wote wamekalia viti vya mbao, kochi liko nje, linaoshwa.

Mama mkwe akasimulia safari yake na Taratibu. Eti alisinzia njiani! Kumbe Taratibu alikwenda kwa fundi, akafungiwa shokapu mbili mpya, za bei ya katikati. Mama mkwe alimwuliza zile springi nzuri kazipata wapi. Akamwambia. Mke wangu akanigeukia. Mimi nikatazama dari.

Kazi ya keki imekwenda kwa Taratibu. Pikapu inauzwa. Kesho naanza dukani.

Wengine walipotoka nilipiga magoti, nikamwomba mama mkwe radhi. Akasema uzito wake anaujua, anaubeba mwenyewe, hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni gauni. Alilipiga pasi mara mbili siku ya Ijumaa, akiamini kuna mtu anataka kumtembeza. Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, na hapakuwa na kitunguu cha kukisingizia. Kumfanya mama wa watu mzigo, na yeye amejipamba! Nimejichukia leo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya nne nyuma ya kaunta. Aproni inabana kwapani. Shemeji anapita kila saa kuhesabu misumari niliyokwisha kuhesabu.

Lakini nimetulia, maana nimetafakari sana na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Sikupaswa kusema. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri mwanzo hadi mwisho, mdomo ndio ulioniponza. Nimeapa kutorudia.

Mnunuzi wa kwanza wa pikapu alikuja jana. Aliendesha mpaka kwenye kona, akarudi kwa miguu. Wa pili anakuja Jumapili saa nne. Nataka huyu aijaribu ikiwa imetulia, kama gari ya mtu mwenye heshima zake.

Shemeji ana kilo mia moja na tano. Sikukadiria safari hii, hapa dukani kuna mizani, na yeye hujipima kila asubuhi na kusoma kwa sauti. Leo mchana nimemwomba aje Jumapili anisaidie kuzungumza na mnunuzi, maana yeye ndiye mfanyabiashara, mimi najua nini? Amefurahi sana, mpaka akanipigapiga begani. Atakuja na rafiki zake wawili anaonyanyua nao vyuma.

Nimemwambia mbele kuna joto. Nyuma kuna upepo mzuri.