Punje Moja ya Mama Kamla

Mwaka ule wa 2007, wanasiasa walipoanza kugawa leso na fulana, Ooko naye aliona ni haki yake kulaghai wananchi kidogo. Gari la kampeni hakuwa nalo. Mdomo alikuwa nao.

Siku moja aliingia dukani kwa Mama Kamla, pale Bondeni, kununua uzi. Nyuma ya magunia akaona kitu kirefu kama kabati, kina kioo usoni na kijiti cha kushika. Mashine ya gemu ya zamani, ile ya panya anayekimbia vichochoroni akila punje, paka wanne nyuma yake. Roho ya Ooko ikaruka.

"Mathe, hii ni ya nani?"

"Ya marehemu mzee yangu."

"Pole sana. Alifariki na nini?"

"Figo."

"Si unaona!" Ooko akashika kifua kama mfiwa. "Hizi mashine za zamani zinakausha figo pole pole. Wacha nikutolee, mathe. Bure."

Huruma iliyoje! Akabeba kifo cha watu kwa mkokoteni, na chai ya asante akanywa.

Wiki haijaisha, mashine ilikuwa kwa kibanda chake nyuma ya soko, inalia piu-piu. Walimu wa chuo kule Njoro, watu na ndevu zao, waliacha simu zao mpya mfukoni wakapanga foleni kwa sababu ya panya. Walisema wamekumbuka utoto. Utoto una bei, na Ooko alikuwa akipokea sarafu.

Kisha akafungua mgongo wa mashine, akajipa roho za kufufua panya akiliwa, nyingi kushinda paka, akacheza Jumamosi nzima mpaka rekodi juu ya kioo ikawa ndefu kama namba ya simu. Akarudisha roho kuwa tatu, za wateja. Ukutani akaandikisha kwa rangi: ANAYEPITA NAMBA ILIYO JUU YA KIOO ANAENDA NA MASHINE. MIMI OOKO NIMEAPA.

Shida ilikuwa moja. Ukizima mashine, inasahau kila kitu, rekodi inarudi sifuri. Kwa hivyo Ooko hakuizima hata Jumapili, na aliiwekea betri ya lori, stima ikipotea isife.

Kipketer, dereva wa viazi kutoka Mau Narok, aliachia hapo sarafu wiki tatu.

"Boss, leo nilikaribia."

"Kesho, boss wangu. Mkono wako una baraka."

Jumanne moja adhuhuri Mama Kamla akatokea na thamosi yake.

"Ooko, figo zako ziko namna gani?"

Watu wakacheka. Ooko akaipapasa mashine. "Mathe... niliipeleka ikatibiwa."

"Vizuri. Basi nicheze."

Ooko alitabasamu. Hakujua kwamba miaka kumi na moja, duka likikosa wateja, mama huyu alikuwa akicheza na mumewe. Paka wale hupita njia zile zile, na yeye alizijua kama njia ya hekaluni. Kulikuwa na kona moja ambayo paka hawageuki kuiangalia. Akichoka, anaegesha panya pale, anamimina chai, anauliza Kipketer habari za viazi. Halafu anarudi kazini.

Saa kumi namba yake ilikuwa inakanyaga kisigino cha rekodi. Ooko akajisogeza karibu na mgongo wa mashine. Mkono wake ukateleza nyuma ya mashine wenyewe. Tap! Giza kwa kioo.

"Wooi! Stima!" akalia.

"Na redio ya kinyozi hapo kando inaimba na nini?" Kipketer akauliza. "Na betri ya lori?"

"Washa tu," Mama Kamla akasema, akifuta kikombe.

"Pole, mathe. Itabidi uanze upya." Ooko akawasha kwa moyo mweupe.

Kioo kikawaka. Juu kabisa, mahali pa rekodi: sifuri. Kila mtu aliiona. Ooko aliiona mwisho.

Mama Kamla akatia sarafu, akasukuma kijiti mara moja. Panya akala punje moja. Alama kumi. Akaachilia kijiti, paka wakajilia panya wao.

"Someni ukuta," akasema.

Wakasoma wote kwa sauti, kama wimbo wa kanisa, mpaka MIMI OOKO NIMEAPA.

"Lakini hiyo si kucheza!" Ooko akapinga.

"Kumi imepita sifuri ama haijapita?" Kipketer akamwuliza, akikunja mikono ya shati.

Mkokoteni ulisukumwa na Ooko mwenyewe mpaka Bondeni. Siku hizi mashine iko mbele ya duka, na kila jioni yeye huja na sarafu yake moja.

"Foleni, kijana yangu," Mama Kamla humwambia. "Na usisimame karibu sana. Figo."