Yah: Mjomba wa Bwana Harusi Kulala Chini ya Gari la Marehemu Baba

Ujiji

Kwa Mshenga wa upande wa waoaji,
Mzee Feliksi,
Kibirizi.

Shikamoo Mzee. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile jino limepoa, maana kazi yako ni ya mdomo na bado tunakuhitaji. Sisi huku hatujambo, isipokuwa heshima yetu, ambayo tangu Jumamosi iko hoi.

Unajua, na Kigoma nzima inajua, kwamba binti yangu Dainess anaolewa na kijana wenu, na kwamba nimeahidi atakwenda kanisani kwa gari la marehemu baba yangu, Mzee Bonaventura. Ni Landrova ya zamani, stesheni wagoni, gari la watu wenye heshima zao. Kweli, bodi imeliwa na kutu, na kilichobaki ni chasisi, injini, tangi la mafuta na usukani. Lakini fundi Selestini alikwisha kata mabati ya kuiunda upya, iwe na milango ya abiria na viti vya nyuma. Ndipo Jumamosi mkaja kwetu, mkawekewa ugali na samaki wetu wa ziwani, migebuka, na Injinia Adolf, mjomba wa bwana harusi, akainuka mkekani bila kunawa, akavua koti, akajilaza chali chini ya gari. Alipotoka akatangaza mbele ya wakwe: "Hii haikuwa stesheni wagoni. Hii ilikuwa pikapu ya mizigo." Tangu saa ile Selestini ameweka nyundo chini, nami nimeisimamisha harusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni hamchunguzi mwenyeji kwa chini. Nimeshaona wageni wakichungulia sufuria, na wengine wakichungulia chumba cha kulala wakijifanya wanatafuta choo. Nikanyamaza. Lakini chasisi!

2. Huyo injinia anasema stesheni wagoni huwa na mikono ya chuma inayotoka kwenye chasisi ili kubeba sakafu ya abiria wa nyuma, na kwamba yetu haina, wala haina alama ya kukatwa. Anasema pia tangi la mafuta limefungwa pale chini ya kilipokuwa kiti cha dereva badala ya kukaa nyuma. Msomi mzima, ametolewa mkoa wa mbali kuja kutuletea maendeleo, anatafuta mikono kwenye gari. Angetafuta na masikio basi, tujue moja.

3. Kando ya chasisi kuna pete za chuma zilizochomelewa. Yeye anadai ni za kufungia kamba za mizigo. Nilimweleza kwa upole kwamba zile ni za kuchomekea bakora za wazee waliokuwa wakisafiri na baba. Akacheka. Akanicheka nyumbani kwangu, na mchuzi wangu ukiwa bado kidevuni mwake.

4. Yeye gari hilo amelijua Jumamosi. Mimi nimelipanda tangu utotoni. Viti vya nyuma navikumbuka: laini, vinabonyea, mtoto unajilaza unavyotaka. Madirisha yalikuwa makubwa kiasi kwamba uliliona anga lote bila kuinua shingo. Upepo ulikuja kutoka kila upande. Mvua ikinyesha, baba alisimama akatufunika turubai, huruma ambayo dereva wa leo hana. Hata harufu ya vile viti naikumbuka. Nikipita sokoni kwenu Kibirizi huwa inanijia, na machozi yananilengalenga. Je, Mzee wangu, hayo ni mambo ya pikapu?

5. Lakini kama siku hizi asili hutafutwa kwa kulala chini, basi tulale wote. Baba wa bwana harusi aje avue shati, alazwe kifudifudi mkekani, na wazee wetu wamkague mgongo. Nasikia kabla ya kufungua duka alikuwa mpagazi wa magunia, na gunia huacha alama. Injinia naye avue viatu tumwangalie nyayo. Tutajuaje kama hakuanza kama mchunga mbuzi, hiyo tai akaja kuwekewa baadaye?

6. Kwa hiyo ninadai faini ya beberu mmoja na debe la mawese, na injinia aombe radhi kwa chasisi, akiwa wima. Mpaka hapo Dainess haendi popote. Analia, sikufichi. Amelia mpaka mama yake hasemi nami. Lakini jina la babu yake halitapakiwa kwenye pikapu.

Nisalimie wote: waoaji, majirani, wachuuzi wa dagaa, hata huyo injinia, salamu yake iwe ndogo.

Ni mimi, mwenye kuonewa kwa adabu zote,
Kasiani Bonaventura,
mwana wa mwenye stesheni wagoni.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mama yangu, Bibi Eufrasia, anipe baraka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kasiani, mwana wanje, mwanangu, stesheni wagoni ya nani? Nilitoka kwetu Mwamgongo kwa mtumbwi, baba yako akanipokea Kibirizi. Shangazi yangu aliyenisindikiza akang'ang'ania kukaa mbele, anaogopa kunuka. Mimi bibi harusi nikapandishwa nyuma, juu ya magunia ya dagaa. Nilifika Ujiji nanuka, na baba yako akanipenda hivyo hivyo. Na magunia kama hayo ndiyo viti vyako."

Basi, Mzee, futa namba moja hadi tano. Beberu abaki, kwa kuwa mtu hainuki mkekani bila kunawa. Mwambie Selestini aunde pikapu. Harusi ipo. Dainess atapanda nyuma, bibi yake kando yake, na magunia mtaleta ninyi.

Mama ameuliza pia kama pete ya kushoto, ya nyuma kabisa, bado ipo. Anasema ndiyo iliyofungwa kamba aliyoishika toka Kibirizi mpaka Ujiji, asianguke. Nimevua koti, nimelala chali, nimeangalia. Ipo.