Kitara Chenye Huruma Hakifai Kemambo

Kemambo, Tarime
Jumatano, baada ya kukamua

Kwa Mwalimu Theodora, Katibu,
Klabu ya Vitara, Bomani

Ndugu Katibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA VITARA VYEPESI, NA OMBI LA KUVIBADILISHA KABLA YA JUMAMOSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na ikiwezekana uhusike haraka, maana leo ni Jumatano.

Natumaini hujambo, na wachezaji wako hawajambo. Sisi ni wazima, ng'ombe nao ni wazima. Mvua imetuchenga kidogo, ila hilo siyo kosa la klabu yako, kwa hiyo siliandiki kwenye malalamiko.

Mimi ni Nelson Heche, baba yake Gati, yule binti mrefu wa mkono wa kushoto mliyemchagua aende Arusha kushindana, na akishinda abaki hukohuko kambini. Huyo ni kitindamimba wangu. Kazi yangu ni kufua chuma. Mapanga mengi yanayofyeka huku Kemambo yametoka kwenye moto wangu, kwa hiyo nikisema habari ya chuma sisemi ya kusimuliwa.

Mlitangaza kwamba kila mshindani aende na kitara chake, na mzazi ashirikishwe kuchagua sehemu mbili: bapa, yaani kile chuma kirefu chenyewe, na kinga ya mkono, yaani lile bakuli linalokaa mbele ya mpini. Mkasema viwe vyepesi, na tena viwe vya kudumu. Kocha wenu Vedasto, yule kijana wa Morogoro aliyekuja huku kufuata dhahabu, dhahabu ikamkwepa, naye akaamua kuwafundisha watoto wetu kukwepa, alituletea sampuli mpaka nyumbani. Namshukuru kwa adabu yake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Bapa lenu linajipinda. Nililijaribu kama ninavyojaribu panga lolote kabla halijatoka kwangu: nililipiga kwenye mgomba. Mgomba haukusikia kitu. Bapa ndilo lililokunjika kama mkia wa mbwa. Nikampigia Vedasto simu, akaja na bodaboda. Hakukasirika. Aliliweka bapa chini ya soli ya kiatu chake, akalivuta taratibu, likanyooka. Kisha akanieleza kwamba hicho ni chuma cha hali ya juu, kinavumilia kupindwa mara nyingi sana kabla hakijapata ufa, na kwamba kazi yake ni kugusa kwa ncha, siyo kufyeka migomba. Ndugu Katibu, nilianza kufua chuma Vedasto hajazaliwa, na sijapata kuona silaha inayotibiwa kwa kiatu.

2. Kinga ya mkono tuliletewa za aina mbili. Ya aluminiamu ni nyepesi, lakini ikigongwa sana inabonyea. Ya chuma inadumu, lakini inachosha mkono. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, ila sikujua kwamba iko siku nitapewa nafasi ya kuchagua ipi iniponyoke. Mke wangu Tabitha alizikuta mezani, akadhani ni bakuli mpya za kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa kuchovyea nyama, akatia. Kichuri chote kikapita kwenye tundu la mpini kikaloweka kitambaa cha meza, kile alichokifuma mwenyewe. Nimemweleza kuwa ile ni kinga. Amesema kitu kinachovuja hakikingi.

3. Vitara vyenu vina waya. Waya unakwenda kwenye taa, na taa ndiyo inayosema nani ameguswa. Huku kwetu mtu akiguswa na silaha anajua mwenyewe, hahitaji kuambiwa na balbu. Na umeme ukikatika katikati ya pambano, je? Wote wawili wanarudi nyumbani washindi?

4. Mnamfundisha mwanangu kurudi nyuma. Nilimwona kwa macho yangu akifanya mazoezi uani: hatua mbele, hatua nyuma, nyuma tena, nyuma tena, na mama yake anampigia makofi. Katika ukoo wetu mtu hurudi nyuma akiwa anafunga mlango wa zizi tu.

5. Kabla ya kupigana wanasalimiana kwa vitara. Hilo nimelipenda. Lakini hakuna anayeamkia. Mdogo aseme shikamoo, mkubwa aitikie marahaba, ndipo mdogo amchome. Bila hivyo ni utovu wa adabu.

6. Hili ndilo kubwa. Nilimuuliza Vedasto kwa nini bapa litengenezwe la kupinda, wakati chuma cha kukataa kupinda kimejaa duniani. Akanijibu hivi: "Mzee, linapinda ili yule anayechomwa asiumie." Nilitafuta kigoda nikakaa. Yaani silaha inamhurumia adui. Tukianza hivyo tutaishia wapi? Leo kitara kina huruma, kesho sungusungu wataomba rungu za sponji. Keshokutwa mwizi wa ng'ombe tutamkamata na ndama mkononi, atatuambia mbona taa haijawaka. Fahali nao watasikia habari hizi, watagoma kupigana mpaka wavalishwe kofia. Shemeji yangu Stanslaus wa Mbalibali, ambaye kila msimu anagombana na tembo kwa ajili ya mahindi yake, alipita hapa kutusalimia nikampa kitara chenu akishike. Alikitikisa, akakiangalia kinavyocheza, akanirudishia kwa heshima. "Shemeji," akasema, "hiki tembo atachokonolea meno."

7. Kwa hiyo naomba klabu iachane na vyepesi. Bapa liwe la springi ya Fuso. Kinga ya mkono ikatwe kwenye diski ya jembe la trekta, isiwe na tundu la kuvujisha kichuri. Taa ipelekwe zahanati inakohitajika. Mchezaji akirudi nyuma zaidi ya hatua tatu ahesabiwe amehama. Na kama sheria za mchezo huu ni za dunia nzima, kama Vedasto anavyodai, basi naomba dunia nzima iandikiwe. Nipo tayari kusaini pamoja nawe.

Sampuli yangu ya kitara nimeshaifua. Ni springi ya Fuso kama nilivyosema, nimeichonga ikapata umbo, na kinga yake ukiigonga inaita kama kengele ya kanisa. Gati alipokiona aliminya midomo. Alikinyanyua kwa mikono miwili, akakitua, akapumua. "Tata," akaniambia, "hiki ni kizuri. Kinafaa kufungia zizi." Maneno hayo ameyarithi kwa mama yake, kwangu hakuna.

Sasa, Ndugu Katibu, nikueleze jambo ambalo sijamweleza Vedasto, maana yeye bado hana mtoto. Nina hofu. Kaka zake Gati wote walishaondoka, na kila aliyeondoka nilimpa panga la mkono wangu, nikasimama stendi mpaka basi likapotea. Huyu wa mwisho anakwenda kwa watu nisiowajua, na kitu pekee atakachoshika mkononi sikukifua mimi, na kinapinda. Nikimpa kizito, angalau kuna kitu kimoja alicho nacho ambacho najua hakitamsaliti. Ndiyo maana nasema, mpaka nipate majibu ya namba moja hadi namba saba, ruhusa yangu ya yeye kupanda basi Jumamosi naishikilia.

Na ili isije ikasemwa kwamba napinga bila ushahidi, jioni hii nitapambana na Gati uani kwangu. Yeye atashika kile chenu, mimi nitashika changu. Nchani nimekifunga kipande cha tairi, maana simchukii mwanangu. Vedasto ametuazima kofia mbili zile zenye wavu usoni. Akinigusa kabla mimi sijamgusa, nitaitafuna barua hii mbele ya mama yake pamoja na bahasha. Lakini najua hilo halitatokea, ndiyo maana nimeshaisaini kabisa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Natanguliza shukrani kwa hatua mtakazochukua, na kama hamtachukua hatua, basi angalau msirudi nyuma.

Nisalimie familia yako yote, nisalimie wachezaji, wale wa mkono wa kulia na wa kushoto, nisalimie mlinzi wa ghala mnalofanyia mazoezi, na Vedasto mwambie Tabitha anauliza atakuja lini kula, maana bakuli za kweli zipo.

Ni mimi mzazi mwenye msimamo usiopinda,

Nelson Heche
Mfua chuma, Kemambo

Nyongeza, Alhamisi asubuhi:

Barua hii ilitakiwa iwe tumboni mwangu. Nilianza na pembe ya bahasha kwa nia njema kabisa, lakini Tabitha akanikumbusha kwamba meno niliyobakiwa nayo tunayategemea kwa nyama. Kwa hiyo naituma na pembe moja pungufu. Naomba upuuze namba zote isipokuwa ya tano.

Ya tano Gati aliitimiza. Alinyanyua kitara chake akanisalimu, kisha akasema, "Shikamoo, tata." Nikaitikia marahaba. Nilikuwa bado naitikia nilipoguswa. Taa haikuhitajika, nilijua mwenyewe. Akanigusa tena nikiwa bado nahangaika kukiinua changu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi nyingine, nikaendelea mpaka mgongo ukakutana na banda la mbuzi.

Hapo angeweza kunimaliza. Hakunimaliza. Alishusha ncha, akasimama, akanisubiri niinue. Nilipochelewa sana akaja polepole, akaiweka ncha kifuani kwangu, nami nikaliona bapa likijikunja mbele ya macho yangu mpaka likawa upinde. Nilichosikia kilikuwa kama kidole cha mtoto anayemwamsha baba yake. Nikaelewa kwa nini linapinda. Vedasto alinieleza vizuri tu, ila kuna mambo mtu haelewi mpaka achomwe na mwanawe.

Lile guu nililolitaja kwenye methali ni langu. Niliangusha springi ya Fuso juu yake, na Tabitha ananikanda kwa maji ya moto hivi ninavyoandika, huku akicheka kwa sauti ambayo majirani wanaisikia. Springi yenyewe inafunga zizi vizuri sana.

Mpe Gati bapa linalopinda na kinga ya aluminiamu. Ikibonyea nitainyoosha mwenyewe akirudi. Ruhusa nimempa, na ameshaanza kufunga mizigo.

Nina ombi moja tu. Ile kofia ya wavu nisiirudishe kwanza, nibaki nayo mpaka basi la Jumamosi litakapoondoka stendi. Watu wa Kemambo wamezoea kuniona pale nikiwa na macho makavu, na nimeijaribu mbele ya kioo: ukiivaa, mtu wa nje haoni kitu.