Gari Lililopakwa Wanja

Injinia alikuwa uani anapiga mswaki aliposikia riziki yake ikilalamika. Riziki yenyewe ilikuwa mwenye nyumba, amesimama mbele ya gari lake la rangi ya fedha, akimweleza kila mpangaji anayepita kwenda chooni kwamba wanunuzi wa siku hizi hawana adabu. Wanakuja, wanalizunguka gari, wanachutama mbele kulitazama usoni, kisha wanaaga. Wote wanataka toleo jipya, lile ambalo taa zake za mbele ni nyeusi kwa ndani. Za kwake ziling'aa kama sufuria iliyotoka dukani.

Injinia akatema povu, akasogea. Tuseme ukweli mapema tusije tukalaumiana: hakuwa injinia. Jina alilipata siku alipookota kofia ngumu ya manjano kando ya barabara, akaivaa, na mtu wa kwanza kukutana naye akamwamkia kwa heshima. Tangu hapo hakuona sababu ya kumsahihisha mtu.

"Mzee," alisema, "gari lako si la zamani. Halijapakwa wanja tu."

Mwenye nyumba akaomba afafanuliwe, naye akafafanuliwa kwa upole anaostahili mteja. Taa inatolewa, inapashwa moto taratibu kwenye oveni mpaka gundi ilegee. Kifuniko kinabanduliwa kwa bisibisi. Kile kioo cha nyuma ya balbu kinafunikwa kwa karatasi ya gundi, pembeni kote panapigwa msasa na kupuliziwa rangi nyeusi, kisha taa inafungwa upya. Gari linaamka toleo jipya na kuuzwa kwa bei ya toleo jipya. Kazi ya nyumbani kabisa.

"Na mnunuzi akigundua?"

"Mzee, uliwahi kumuuliza mwanamke kama kope zake alizaliwa nazo?"

Mwenye nyumba alifikiri sana, akakiri kwamba hakuwahi.

Yote hayo yalikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Uongo wa Injinia hukaa mahali padogo, kama kokoto ndani ya wali. Safari hii ulikaa hapa: taa zitakazorudi kwenye gari hazingekuwa zile zilizotoka. Zingerudi nyingine, za gari lililogongwa, zilizolala kwenye uwanja wa vyuma chakavu mpaka zikafifia na kuwa manjano, moja ikiwa na kishikizo cha balbu kilicholegea. Zile halisi angezipaka wanja pia, ampelekee muuza spea kama taa za toleo jipya, wabadilishane kwa pikipiki. Na pikipiki ingempeleka mbali na mji huu, ambao watu wake walikuwa wameanza kumuuliza habari za vitu vyao.

Ilibaki oveni. Oveni ilikuwa ya shangazi yake, mwoka keki, ambaye Injinia alikuwa analala sebuleni kwake kwa siku chache tangu mwaka juzi. Shangazi alikuwa mtu wa watu. Jiko lake halikukosa wageni, na habari ikiingia mlangoni mwake asubuhi, hadi mchana imeshakula na kulala nyumba kumi. Lakini mwezi huo alikuwa mnyonge. Mwenye nyumba alimtaka aondoke jikoni humo ili ukuta uvunjwe, pawe banda la gari. Bila jiko hakuna keki, na bila keki Shangazi angekuwa mgeni kwenye sebule ya mtu mwingine, kazi ambayo kwa maoni yake ilikuwa tayari na mtu.

Kwa hiyo alipoombwa oveni hakumjibu mpwa wake. Alimwita mwenye nyumba uani, mbele ya wapangaji wote, akamuuliza kwa sauti tamu: gari likiuzwa, banda litakuwa la nini? Mwenye nyumba, macho yake yameshaona bei, akasema mbele ya ndoo na watu kwamba gari likiuzwa jiko halitaguswa, Shangazi atafia humo. Wapangaji wakaitikia kama mashahidi.

"Basi leta taa zako, mwanangu," alisema Shangazi. "Na mnunuzi nitamtafuta mimi."

Injinia akafanya kazi, na tumpe haki yake, aliifanya vizuri. Zile chakavu alizisugua kwa dawa ya meno mpaka manjano yote yakatoka na vioo vikawa vyeupe. Alipomaliza kupaka, taa zote nne zilifanana kama mapacha. Akaziweka zikauke kwenye trei mbili za keki: halisi kushoto, chakavu kulia. Akamwomba Shangazi asiziguse, hasa za kushoto, rangi ni kitu chenye mishipa. Shangazi akasema hata vumbi halitazigusa. Baadaye Shangazi akaenda kupiga mswaki, akakuta tyubu ya dawa ya meno imekamuliwa mpaka imelala bapa. Akarudi nayo jikoni. Akazisogelea trei.

Siku ya mnunuzi Injinia alifunga zile za trei ya kulia kwenye gari, za kushoto akazivingirisha kwenye blanketi. Mnunuzi, mwalimu aliyekuwa mteja wa keki wa miaka mingi, alikuwa anaingia getini yeye anatoka. Wakasalimiana vizuri. Injinia hakungoja kuona balbu ikicheza kwenye kishikizo.

Muuza spea alikuwa mtu wa maneno machache na pua kubwa, na alivitumia vyote viwili dukani. Pikipiki ilikuwa mlangoni. Injinia alishafunga begi lake nyuma, kofia ya manjano kichwani, akawa anazisifia taa na kueleza jinsi mizigo mipya inavyopita bandarini kwa shida. Muuza spea akainua taa, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza puani. Akainusa ya pili.

"Hizi taa," alisema, "zimepiga mswaki."

Injinia akacheka kwanza, kwa sababu alidhani ni utani. Kisha akainama akanusa mwenyewe kwenye ukingo wa kifuniko, na tabasamu likamganda usoni. Kishikizo kimoja kikaning'inia mbele yake kama jino la mtoto.

Muuza spea hakugomba. Alichomoa ufunguo wa pikipiki, akalifungua begi kutoka nyuma ya pikipiki akampa mwenyewe, kisha akaomba kofia, kama fidia ya muda wake. Injinia akarudi kwa miguu, kichwa wazi. Njia nzima hakuna aliyemwamkia.

Alimkuta Shangazi jikoni na nusu ya mtaa. Gari lilikuwa limeondoka. Akasimuliwa yote, na mara tatu, kwa kuwa kila mgeni alikuwa na namna yake. Mwalimu aliwasha taa, zikawaka kama mchana. Mwenye nyumba akataja bei ya toleo jipya. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba gari hilo analijua tangu halijapakwa wanja, kwamba atalipa bei ya umri wake halisi, na kama kuna ubishi waulizwe wapangaji, maana walikuwa wote uani taa zilipotolewa. Mwenye nyumba alitazama nyuso zile zote, akachukua alichopewa. Ahadi ya jiko nayo ilikuwa bado imesimama uani inamtazama.

Injinia alingoja wageni wapungue.

"Shangazi, ulihamisha zile taa?"

"Mimi?" Shangazi alikuwa anapaka trei siagi. "Nilizihitaji trei zangu asubuhi, mwanangu, nikatoa taa, nikaoka, nikazirudisha. Kama kushoto kulikuwa kulia, unisamehe, mimi sikusomea uinjinia."

Injinia alivua viatu. Akaanza kutandika sebuleni.

"Usitandike kwanza," Shangazi alimwita. "Nenda dukani unichukulie dawa ya meno. Kubwa, maana naona bado upo."