Kuku Wetu Wamemaliza Safina ya Nuhu

Tok. Tok-tok. Tok.

Mdomo wa kuku ukigonga ungo. Tangu mchana sauti hiyo haijanitoka masikioni. Jamani, leo nimeaibika, na nimeona niwasimulie mwenyewe kabla wanakwaya hawajawafikia.

Hapa kwetu Kinampanda tuna desturi ya marehemu Babu. Majilio yakifika, zile wiki nne kabla ya Krismasi, tunasimamisha sebuleni tawi la mgunga, na kila Jumapili tunatundika kwenye miiba yake mapambo ya habari za Biblia. Bibi anasimulia, sisi tunasikiliza. Mapambo yenyewe Babu aliyachonga kwa mti. Mwaka huu tumefungua sanduku tukakuta mchwa wameshaisoma Biblia yote, Mwanzo mpaka Ufunuo.

Shangazi yangu anakaa Singida mjini (kwa hiyo anajua kila kitu). Akasema kuchonga ni mambo ya zamani, soko huria limeshatuletea mapira ya plastiki yanayong'aa, yametoka China tayari na uzi wake. Bibi akanigeukia.

"Eliza, unaweza kutengeneza mengine?"

"Naweza, Bibi!" (Mdomo wangu huwa hauniulizi.)

"Haya. Ukishindwa tutatundika mapira, na masimulizi ya babu yako tutayaacha."

Mnaona mzigo huo? Babu mzima, mikononi mwa mtu wa darasa la saba.

Kuchonga sijui. Nikaamua kufinyanga kwa unga wa mtama. Mama akaniambia nitie chumvi nyingi, donge likauke liwe gumu kama jiwe, na mdudu asiliguse.

"Mama, haya ni mapambo, siyo mboga!"

Nilimjibu hivyo mtu aliyenizaa. Msanii hafundishwi, bwana.

Nikafinyanga safina ya Nuhu, ngazi ya Yakobo, Musa na fimbo yake, ngamia watatu. Macho nikaweka punje za uwele. Nyota nikaijaza mbegu za alizeti. Vyote nikavipaka mafuta ya alizeti ving'ae. Nyoka wa Edeni peke yake nilimpaka masizi ya sufuria, mweusi tii, amejikunja. Kwa kifupi, nilikuwa nimetengeneza chakula bora cha kuku, chenye mafundisho ya dini. Lakini hilo sikuliona. Mimi nilikuwa naona kibao cha duka langu Arusha na wazungu wamepanga foleni.

Leo asubuhi nikatafuta uzi wa kutundikia, nikakosa. Nikaona kamba ya katani. Nzuri, imara, haina kazi. (Ilikuwa imefunga mlango wa banda la kuku.) Nikaifungua, nikaichambua nyuzi, nikazipitisha kwenye mapambo yote. Mlango wa banda nikauegemezea kijiti. Kijiti! Mapambo nikayaacha uani kwenye ungo yakauke juani, tukaenda kanisani.

Baada ya ibada si ningenyamaza? Wapi! Nikawaalika wanakwaya wenzangu. "Njooni muone kazi ya mikono." Wakaja sita. Nyumbani tukamkuta Shangazi mlangoni, ameshuka kwenye basi, boksi la mapira kwapani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Hayo mapambo yako wapi?"

"Uani," nikasema, nikatangulia kwa maringo.

Tok. Tok-tok. Tok.

Jogoo alikuwa amesimama katikati ya ungo kama mwenyekiti wa kijiji. Safina haipo. Wanyama wote wameangamia bila gharika. Ngazi ya Yakobo imebaki kipago kimoja. Mtetea mmoja alinipita mbio, uzi unaning'inia mdomoni, wenzake wanamfukuza.

"Eliza, huyo kabeba nani?" mwanakwaya mmoja akauliza.

"Musa," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Basi mwacheni avuke!"

Wakaanguka kwa kicheko. Sita wote, kwa sauti nne, kama walivyofundishwa.

Shangazi akamgeukia Mama. "Wifi, hongera. Mwanao kawalisha kuku Neno la Mungu." Akaanza kufungua boksi lake.

Mimi machozi yalikuwa karibu. Sikumlilia Musa, nilimlilia Babu.

Bibi hakucheka. Aliinama polepole, akaokota kitu pembeni ya ungo. Nyoka! Mzima, hana hata alama.

"Huyu mbona hawakumla?"

"Nadhani wamemwogopa, Bibi."

Bibi akamgeuza geuza. "Basi leo tunaanza na huyu. Taabu zote si alizianzisha yeye?"

"Nyoka, Mama? Kwenye Majilio?" Shangazi akaruka.

"Na hayo mapira yako nikiyatundika, nisimulie nini?"

Shangazi akafunga boksi. Bibi akamtundika nyoka wangu kwenye mwiba wa juu kabisa, akasimulia bustani ya Edeni mpaka wale wacheshi wangu sita wakatulia. Alipomaliza akaniambia, "Jumapili ijayo nataka safina. Na kamba ya banda uirudishe."

Mnaotaka kucheka, chekeni huko huko kwenu, msiniandikie.

Wengine walipokwenda kula, nilitoka uani peke yangu na kamba mpya, nikafunga banda mafundo matatu. Kwenye ungo kulikuwa kumebaki mguu wa ngamia. Nikaangalia huku na huku, nikautia mdomoni.

Chapwa kabisa. Tafadhali, Mama asijue.