Stika Nyekundu za Niederquell

Halmashauri ya Mji wa Niederquell ina furaha kutangaza kwamba tatizo la jinsia ya vitu limekwisha. Lilikwisha Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kwa stika elfu arobaini na moja.

Nasema hivyo kama Katibu wa Ofisi ya Jinsia za Vitu. Kwetu Ujerumani kila kitu kina jinsia na kineno chake cha kutangulia. Kabati ni mwanamume, der. Mlango ni mwanamke, die. Dirisha si huyu wala yule, das. Sababu hakuna, na anayeuliza sababu anapoteza muda wa ofisi. Wageni walikuwa wakichanganya mambo. Mkurugenzi wetu, Daktari Ottfried Haberkorn, akaamua kila kitu mjini kibandikwe rangi: buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Mgeni atatembea, ataona, atajua.

Kazi ilikwenda vizuri. Saa mbili na robo watu kumi na wanne walikuwa wamesimama nje ya duka la mikate, mbele ya mlango wenye stika nyekundu, wakisubiri.

Ifahamike kwamba mtu wa Niederquell havuki kwenye nyekundu. Barabara iwe tupu, mvua inyeshe, atasimama ukingoni mpaka taa ibadilike, na akimwona mwenzake anavuka atamkumbusha kwamba watoto wanaangalia. Basi walisubiri mlango ubadilike. Saa nne bibi mmoja aliona kwamba dirisha ni kijani. Akapanda. Foleni ikajipanga nyuma yake kwa utulivu, wenye magongo mbele.

Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa unaingia na kutoka kwa madirisha, na ofisi ikagawa ngazi. Siku hiyo ndiyo ya kuzolewa taka za karatasi, ambazo kwetu hutupwa kwenye pipa la buluu. Viti navyo vina stika ya buluu, vikatolewa nje vizolewe. Hatukupokea lalamiko hata moja.

Aliyetusumbua ni mmoja tu: Bi Wafaa Kassab, muuguzi kutoka Homs, mwenye miaka kumi na mmoja kazini. Nyumba ya wazee ya mjini ilikuwa imemwekea nafasi hadi Ijumaa. Alete cheti chetu cha jinsia za vitu siku hiyo, au nafasi apewe mwingine. Na Ijumaa sisi tunafunga saa sita mchana, hata mbingu zikianguka. Mtihani wa cheti hicho alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili aliniambia, bila kupandisha sauti, "Bi Pfeifer, mzee akiwa na kiu ananiomba maji. Hajawahi kuniuliza maji ni mume au mke." Nikaandika kwenye faili lake: mbishi.

Ijumaa hiyo aliingia ofisini saa nne na nusu, kwa mlango. Daktari alimtazama kana kwamba ameingia na ng'ombe. Hata hivyo alimtahini: vitu hamsini, stika zimefunikwa. Akapata vyote hamsini. Daktari akasema amefeli.

"Kwa lipi, Daktari?"

"Umepita kwenye nyekundu."

"Huo ni mlango."

"Mlango ni nini?"

"Die."

"Na rangi yake?"

"Nyekundu."

"Kumbe unajua," alisema Daktari kwa huzuni. "Hilo ndilo linaloniuma."

Akaenda kuchukua muhuri kwenye ghala la mafaili, chumba kisicho na dirisha. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, umeegemea ukuta, stika haionekani, kwa hiyo aliingia kihalali. Lakini madirisha yetu yote yalikuwa wazi kwa ajili ya wananchi. Upepo ukapita, mlango ukajibamiza. Upande wa ndani nao tulikuwa tumeubandika. Sisi kazi nusunusu hatufanyi.

Kisha nikasikia sauti yake: "Bi Pfeifer. Ni nyekundu."

Nilimuuliza kama mlango umejifunga kwa ufunguo. Akasema hapana, kitasa amekishika. Tukasubiri. Saa tano na robo nilipiga simu makao makuu, wakanijulisha kwamba kibali cha kuvuka nyekundu huchukua wiki sita, na mwombaji afike mwenyewe. Saa tano na nusu Daktari alianza kuhema.

Bi Kassab alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Akainuka, akaufungua mlango. Daktari alikuwa amesimama kizingitini, muhuri mkononi, jasho linamtoka, magoti yanacheza. Mguu haukuinuka. Stika alikuwa bado anaiona.

"Toka, Daktari."

"Siwezi. Saini iliyo kwenye agizo ni yangu."

"Basi fumba macho."

Alisema hivyo kwa sauti ya kumwambia mzee anyooshe mkono avalishwe sweta. Daktari akafumba. Bi Kassab akamshika kiwiko, akamwongoza: hatua moja, nyingine ndogo, vizuri, hapa kuna zulia. Walipofika mezani akasimama.

"Kwa magoti hayo ngazi ya dirishani huiwezi," alisema. "Na mpaka barabarani kuna milango mitatu. Nimefaulu au nimefeli?"

Muhuri wetu una pande mbili, wa kufaulu na wa kufeli. Daktari aliupapasa, akaugeuza, akagonga. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Wakashuka, yeye akiongoza, Mkurugenzi akifuata amefumba macho, mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nje, wananchi waliokuwa kwenye foleni ya ngazi waligeuka. Wakatazama vizuri. Kisha mmoja baada ya mwingine wakafumba macho na kunyoosha mikono.

Nami niliandika kwenye kumbukumbu kwamba mtahiniwa amefaulu, nikafunga kazi, nikasimama ndani mbele ya mlango, nikafumba macho na kumwita Bi Kassab. Akanijibu kutoka barabarani kwamba anawahi kupeleka cheti, na wazee wana zamu yao kwanza. Sisi atatufikiria Jumatatu, akitoka kazini.

Ofisi inawaomba wananchi wawe na subira, na wasifumbue macho.